Kukanda chokea kwa maji ya shamari

Shamari (fennel) imehusishwa na macho tangu enzi za Warumi: mwandishi wao Pliny aliandika kwamba nyoka hujisugua kwenye mmea huu ili aone vizuri. Lakini kinachoponya chokea, yaani kijipu cha ukope, hasa ni joto, maana huyeyusha mafuta yaliyoziba tezi za ukope, usaha ukapata njia. Kwa hiyo kanda juu ya jicho lililofumbwa. Maji ya shamari yasitiwe ndani ya jicho kamwe, hata yakichujwa vipi.

Nunua mbegu kavu za shamari kwenye maduka ya viungo ya Marikiti, Mombasa. Ziwe na ukijani, na ukizisugua kiganjani zinukie utamu. Zilizogeuka kahawia na kupoteza harufu ni za zamani. Usichanganye na jira, na ziache zile zilizopakwa sukari na rangi, za kutafunwa baada ya pilau: sukari hunata kwenye ukope.

Twanga kijiko kimoja cha chai, zipasuke tu. Zikisagika, unga hupenya kitambaa ukakwaruza jicho. Mimina kikombe kimoja (mililita 250) cha maji ya kunywa yanayochemka, si ya kisima cha chumvi. Funika dakika 10, kisha chuja mara mbili kwa melimeli safi.

Nawa mikono kwa sabuni, vua lenzi, futa wanja. Jaribu joto kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kwani ukope ni mwembamba na huungua upesi. Chovya kitambaa, kamua, weka dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi hukosea: kitambaa hupoa baada ya dakika moja au mbili, nao hukiacha hivyo hivyo. Kichovye tena kila kinapopoa. Rudia mara 3 au 4 kwa siku kwa maji mapya. Yaliyolala huota vijidudu. Chokea yenyewe usiitumbue.

Macho mekundu ya kuambukiza, kama yaliyotapakaa Mombasa mwanzoni mwa 2024, hayaponi kwa shamari, na kitambaa cha kushirikiana huyasambaza nyumba nzima. Anayedhurika na karoti au dania, ambazo ni jamii moja na shamari, atumie maji matupu ya moto. Joto ni lile lile.

Maumivu makali, kuona ukungu, mwanga kuumiza, homa, au uvimbe unaoenea usoni: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga anayetoka usaha machoni usimkande kabisa, mpeleke mara moja.