Laza ramani ya watu juu ya ramani ya ardhi kabla hujasema neno

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha jiografia niliwafundisha watoto wa watu uongo: kwamba palipo na watu wengi pana umaskini. Siku moja mwanafunzi wa dawati la nyuma akauliza, "Na Singapuri je, Mwalimu?" Sikuwa na jibu. Singapuri ina watu zaidi ya 7,000 kwa kila kilomita ya mraba, na maisha yao ni ya kutamaniwa. Tangu hapo kazi ya kulinganisha ramani tatu, ya watu, ya ardhi na ya hali ya maisha, naifanya kwa mpangilio mwingine, na sharti langu ni moja: ramani ya hali ya maisha hufunguliwa mwisho.

Anza na ramani ya vitone inayoonyesha watu wanapoishi. Inakili kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Zungushia mstari palipojaa na palipo patupu, basi. Usiandike sababu.

Sasa ilaze karatasi yako juu ya ramani ya matumizi ya ardhi: mashamba, malisho, misitu, migodi, miji, jangwa. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo wengi wanapoteleza. Tazama Misri. Watu zaidi ya milioni 100 ukiwagawa kwa kilomita za mraba milioni moja, unapata kama 100 kwa kila kilomita. Hesabu ni sahihi, lakini haina faida. Karibu watu 95 katika kila 100 wamebanana kwenye asilimia 5 hivi ya nchi, kandokando ya Mto Nile na kwenye delta yake. Gawa upya kwa eneo hilo tu, utakaribia 2,000. Kwa hiyo andika namba mbili kila mara: watu kwa eneo lote, na watu kwa eneo linalotumika. Anayeniletea moja namrudishia daftari.

Halafu uliza, kati ya watu na ardhi, ni nani aliyemfuata mwenzake. Kisiwani Java, udongo wa volkeno na mvua huwezesha shamba moja la mpunga kuvunwa mara mbili kwa mwaka au zaidi. Ardhi iliwavuta watu na kuwalisha. Uholanzi mambo yamegeuka: robo hivi ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na watu ndio walioyatoa maji ili wapate pa kulima na kuishi. Ester Boserup, mchumi wa Denmaki, alieleza mwaka 1965 kwamba watu wakiongezeka, wakulima hufupisha muda wa kupumzisha ardhi na kubuni njia za kuvuna zaidi palepale. Mimi namwamini, ila kwa masharti. Pasipo mbolea, maji na soko, kufupisha mapumziko ni kuuchosha udongo tu. Kwa hiyo chora mshale kati ya watu na ardhi, na usione aibu ukiwa na ncha mbili.

Ndipo ufungue ramani ya tatu. Usitumie pato pekee. Tazama pia umri wa kuishi, vifo vya watoto wachanga, miaka ya shule na maji safi. Linganisha nchi zenye msongamano unaokaribiana. Australia na Namibia zote zina watu kama 3 au 4 kwa kilomita ya mraba, na zote zina maeneo makubwa yenye ukame, lakini maisha ya watu wake yako mbalimbali mno. Msongamano hauwezi kuwa ndio sababu ya tofauti hiyo. Tafuta kwingine: nani anamiliki ardhi, inazalisha nini, na faida inakwenda wapi.

Nawaachia Mongolia kama zoezi la nyumbani. Ina watu kama 2 kwa kilomita ya mraba, na sehemu kubwa ya nchi ni malisho. Lakini karibu nusu ya watu wako Ulaanbaatar, mji mkuu. Baridi kali ikiua mifugo, wafugaji huhamia pembezoni mwa jiji na mahema yao, huwasha majiko ya makaa ya mawe, na moshi hulifunika jiji majira yote ya baridi. Chora mishale yake.