Somo: Kigae cha maji kwa ndege wa uso mwekundu

Walioko Dodoma mnaijua Septemba: vumbi, upepo, nyasi zinavunjika mguuni. Ndio wakati wa kumwona Pytilia melba. Dume ana uso na koo jekundu, kichwa kijivu, mabawa ya kijani, tumbo la mistari. Ni kadogo, sentimita 12 hivi. Mbegu za nyasi na mchwa anajitafutia mwenyewe. Uani kwako atafuata maji.

1. Tafuta kigae cha chungu au sinia pana. Mimi nilianza na beseni la plastiki, wiki nzima wakaja kunguru tu.

2. Maji yasizidi kina cha pingili moja ya kidole. Weka jiwe katikati.

3. Mahali, na hapa wengi tunakosea. Huyu hashuki peupe. Anatokea chini kwa chini kichakani, anaruka-ruka, anakunywa, anarudi. Kigae kikae ardhini, hatua tatu kutoka kwenye ua wa minyaa au miiba. Ukikisogeza karibu zaidi na ua, paka atajibanza humo. Ukikipeleka mbali, ndege haji.

4. Kila asubuhi mwaga, sugua utelezi kwa mchanga, jaza upya. Sabuni hapana.

5. Subiri. Kwangu alikuja siku ya tisa, saa nne asubuhi, na jike ndiye alitangulia, hana wekundu usoni. Dume alibaki ndani ya minyaa, nikaona mdomo tu, mwekundu kama pilipili.

MASWALI

Mkuu, nimwage na uwele?
Kiganja kimoja. Ukizidisha unalisha panya.

Masika huwa namwona mweusi mwenye mkia mrefu maeneo hayo hayo. Ndugu yake?
Huyo ni Vidua paradisaea, mgeni asiyelipa kodi. Jike lake hutaga kwenye kiota cha melba. Kinda lina alama mdomoni kama za watoto wa mwenye nyumba, basi linalishwa nao. Haliwatupi wenzake nje, wanakua pamoja. Likiwa dume, linajifunza hadi wimbo wa baba mlezi.

Naweza kumtega nimfuge?
Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Halafu kaka, anakuja mwenyewe, tundu la nini?

Kwangu wamekuja wa bluu tupu kichwani, nimekosea wapi?
Hujakosea dada. Hao ni Uraeginthus cyanocephalus, hawana aibu kama huyu. Waache wanywe, melba huwa anawachungulia kwanza.