Kabla hujanibebea waru: mizizi inayoweka akiba ya chakula

Jumapili jioni hapa Kawangware wazazi hunijia mbio kibandani: "Mama mboga, niuzie mzizi unaoweka chakula, mtoto anautaka shuleni kesho." Na mkono tayari uko kwenye waru.

Rudisha. Waru ni shina lililonenepa chini ya udongo. Yale macho yake ni machipukizi, na mzizi hauna macho ya namna hiyo. Nduma pia ni shina. Zile pete ni alama za majani yaliyobanduka. Tangawizi, shina. Kitunguu karibu chote ni majani.

Beba karoti, bitiruti, kiazi kitamu na muhogo. Karoti ni mzizi mkuu, ule unaotangulia kushuka kutoka kwenye mbegu, na ukiitazama vizuri utaona vinyuzi vya mizizi midogo ubavuni. Muhogo na kiazi kitamu ni mizizi iliyoota kwenye shina lililozikwa, kisha ikavimba. Ndiyo maana mkulima wa muhogo hupanda kipande cha shina: ukizika muhogo wenyewe utaoza tu, hauna pa kuchipulia.

Chakula chenyewe kinatoka juu. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, nayo huteremka hadi mizizini. Kiazi kitamu na muhogo huigeuza sehemu kubwa kuwa wanga, ambao hauyeyuki kwenye maji baridi, kwa hivyo unakaa palepale. Karoti na bitiruti huweka zaidi sukari.

Mtoto ataka kuthibitisha? Nunua ayodini ya vidonda kwa kemisti. Kata muhogo mbichi, dondosha tone moja kwenye nyama yake nyeupe: itageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Huo ni wanga. Kwenye karoti tone litabaki kahawia, au libadilike kidogo tu. Mvue yunifomu kwanza, madoa ya ayodini ni sugu. Na asiutafune huo muhogo mbichi, una sumu ya sayanidi, hata kabla ya kutiwa dawa.

Huna ayodini? Kwaruza muhogo mbichi uingie kwenye maji, ukamue kwa kitambaa safi, uache maji yatulie. Ule unga mweupe unaotuama chini ndio wanga.

Mkiwa na wiki kadhaa, simamisha kiazi kitamu kwenye glasi, nusu kikiwa majini, dirishani. Kitachipua kwa kula akiba yake chenyewe. Badilisha maji yakianza kunuka.