Kupima mionzi ya asili katika udongo: mwongozo kwa mtafiti wa chuo kikuu

Kabla ya kuchukua jembe, amua unatafuta nini. Mtafiti anayekwenda Minjingu, mkoani Manyara, ambako miamba ya fosfeti ina urani, hana swali moja na yule anayekwenda kilima cha Mrima, Kwale, ambako thoriamu ndiyo inayotawala. Swali ndilo litakaloamua vituo vya kuchukulia sampuli, na ni lazima baadhi ya vituo hivyo viwe mbali na mgodi, kwenye udongo wa asili ileile ya miamba. Bila hivyo hutaweza kutofautisha kilicholetwa na uchimbaji na kilichokuwapo tangu zamani.

Ondoa majani na mizizi, kisha chimba kwa kina kilekile katika kila kituo. Kina kina uzito zaidi ukitafuta sesiamu-137 iliyoletwa na majaribio ya silaha za nyuklia, kwa sababu katika ardhi isiyolimwa hubaki karibu na uso, ilhali jembe huichanganya na udongo wa chini. Andika mahali, kina na matumizi ya ardhi palepale, na usisahau kupeleka barua ya utambulisho kwenye ofisi ya kijiji.

Maabarani, kausha udongo kwa nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena, usage, uupitishe kwenye chekecheke ya milimita 2, kisha uupime na kuujaza kwenye chombo kinachozibika kabisa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Radiamu-226 huzaa radoni-222, ambayo ni gesi, na ikivuja hutoroka kabla ya kuzaa risasi-214 (risasi ya madini, yaani ledi) na bismuthi-214, ambazo ndizo tunazozipima kwa niaba ya radiamu. Kwa kuwa radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8, sampuli iliyozibwa kwa siku 28 huwa imefikia zaidi ya asilimia 99 ya ulinganifu unaotakiwa, yaani hali ambapo mionzi ya vizazi hivyo inalingana na ya radiamu. Msimamizi mwenye haraka asikushawishi kufupisha muda huo. Njia ya mkato ya kusoma mstari wa radiamu yenyewe, yaani mionzi ya gama inayoitoa kwenye nishati ya kiloelektronivolti 186, ina mtego wake: urani-235 nayo hutoa mionzi ya karibu nishati hiyohiyo.

Kigunduzi cha gemaniamu, kinachohesabu mionzi ya gama kulingana na nishati yake, hupozwa, kwa kawaida kwa naitrojeni ya kimiminika, na ufanisi wake, yaani sehemu ya mionzi inayofaulu kuihesabu, hupimwa kwa sampuli rejea (ambazo mionzi yake inajulikana) zenye umbo sawa na chombo chako. Pima pia chombo kitupu kwa muda mrefu, ili uondoe mionzi ya chumba kwenye hesabu. Soma bismuthi-214 kwenye kiloelektronivolti 609, thoriamu kupitia kizazi chake aktiniamu-228 kwenye 911, na potasiamu-40 kwenye 1461.

Gawanya hesabu halisi ya kila mstari kwa ufanisi, uwezekano wa mionzi hiyo kutolewa, muda kwa sekunde na uzito mkavu kwa kilo, upate bekereli (mmeguko mmoja wa atomi kwa sekunde) kwa kilo, ukiambatanisha kosa la kipimo. Wastani wa dunia unaotumika sana ni takriban 35 kwa urani, 30 kwa thoriamu na 400 kwa potasiamu. Kuuzidi hakumaanishi kwamba ardhi imechafuliwa. Vivyo hivyo, kikomo cha 370 cha kipimo linganishi cha radiamu, kinachojumlisha radiamu, thoriamu na potasiamu katika namba moja, kilikusudiwa vifaa vya ujenzi. Ukitaka kusema lolote kuhusu chakula cha wakulima, pima mahindi na maji yao.