Usiende Siena kwa Siku Moja

Wageni wengi huingia Siena, mji wa mkoa wa Toscana nchini Italia, na basi la asubuhi kutoka Firenze, wakapiga picha katika uwanja wa Campo, wakala chakula cha mchana, na saa 10 jioni wamo njiani kurudi. Wanachokikosa ni mashamba, na Siena bila mashamba yake ni nusu ya Siena. Panga kulala mjini siku mbili na vijijini angalau moja.

Tuanze na karatasi, maana huko ndiko safari nyingi huharibikia. Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, kibali cha kuishi Uingereza, Marekani au Falme za Kiarabu hakikuruhusu kuingia Italia. Utahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, nayo unaiomba huko huko unakoishi, kuanzia miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen. Anayeishi Ujerumani au Uswidi hahitaji viza. Pasipoti na kibali cha ukaazi vinamtosha kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: asiye raia wa Umoja wa Ulaya, akiingia Italia kutoka nchi nyingine ya Schengen, anatakiwa kuripoti ndani ya siku 8. Ukilala hotelini, fomu unayotia saini mapokezi ndiyo ripoti yenyewe. Ukilala kwa ndugu au rafiki, itabidi uende Questura, ofisi ya polisi. Beba pasipoti halisi za wote, watoto wakiwemo.

Kutoka Firenze, basi ni bora kuliko treni. Stendi iko kando ya stesheni ya Santa Maria Novella. Chagua basi la haraka, huchukua kama saa moja na robo na kukushusha Piazza Gramsci, juu kabisa karibu na mji wa kale. Treni huchukua kama saa moja na nusu, na stesheni ya Siena iko bondeni. Ukiwa na mabegi, ingia jengo la maduka lililo mbele ya stesheni ufuate ngazi za umeme zinazopanda hadi karibu na Porta Camollia, lango la mji wa kale. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Tiketi uliyoilipia lakini hukuigonga huhesabiwa kuwa si halali, na faini yake inauma.

Mjini, anza na Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji lililo kwenye uwanja wa Campo. Ghorofani, kwenye ukumbi wa Watawala Tisa waliotawala mji kuanzia 1287 hadi 1355, mchoraji Ambrogio Lorenzetti alichora kutani mwaka 1338 na 1339 utawala mwema na utawala mbaya. Simama mbele ya ukuta wa utawala mwema na uusome kutoka kushoto: mafundi wako juu ya paa wanajenga, kuna watu wanacheza ngoma barabarani, kisha lango la mji, na nje ya lango mkulima anaingia na nguruwe wake mweusi mwenye mkanda mweupe. Nyuma yake ni mashamba ya ngano na vilima. Halafu panda kwenye roshani ya nyuma ya jengo hilo hilo utazame kusini. Bonde bado linaingia hadi ndani ya kuta.

Kwa kuona mji kutoka juu, tunashauri Facciatone badala ya Mangia, mnara wa Palazzo Pubblico. Mnara una ngazi kama 400, nyembamba, na idadi ya watu wanaopanda kwa wakati mmoja ina kikomo. Facciatone ni ukuta wa upanuzi wa kanisa kuu uliokwama baada ya tauni ya 1348, na ukiwa juu yake mnara wenyewe unaonekana. Kanisani funika mabega na magoti. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti kuna mbio za farasi za Palio, vyumba hupanda bei mno na katikati ya uwanja hakuna kivuli. Mwenye watoto aende kwenye mazoezi, siku tatu kabla.

Kuhusu chakula: mkate wa Toscana hauna chumvi, usidhani wamesahau. Pici ni tambi nene za kusokotwa kwa mkono; asiyekula nguruwe aagize pici all'aglione, yenye nyanya na kitunguu saumu, na aseme "senza maiale" (bila nguruwe), kwani mchuzi wa nyama mara nyingi huchanganywa na nguruwe. Peposo, kitoweo cha nyama ya ng'ombe, hupikwa kwa mvinyo.

Vijijini, mabasi ni machache na Jumapili karibu hayapo, hivyo gari la kukodi linafaa. Kibali cha kimataifa cha udereva hutolewa na nchi iliyotoa leseni, kwa hiyo mwenye leseni ya Kenya hawezi kukipatia London. Ogopa alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu na maneno Zona Traffico Limitato, yaani eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi: kamera inasoma namba za gari, kila kupita ni faini yake, na barua inaweza kukufikia miezi kadhaa baadaye, juu yake kampuni ya gari ikakutoza ada. Egesha kwenye maegesho ya Santa Caterina, kisha panda kwa ngazi za umeme.

Toka asubuhi kwa barabara ya Lauretana hadi Asciano, katikati ya vilima vya udongo vya Crete Senesi. Aprili na Mei ngano ni kijani. Agosti utaona udongo mtupu, nao una uzuri wake. Fika monasteri ya Monte Oliveto Maggiore kabla ya saa 6 mchana, kwani hufunga adhuhuri, na michoro ya ukutani ya wachoraji Signorelli na Sodoma haitaki haraka. Mchana nenda Pienza ununue jibini la kondoo, kisha Bagno Vignoni, ambako uwanja wa kijiji ni bwawa la maji ya moto. Bwawani hairuhusiwi kuoga. Shuka hadi kwenye magofu ya vinu, uchovye miguu bure.