Umemaliza PCM Zanzibar na unahamia California? Fizikia yako ianzie komyuniti koleji, ila uipange hivi

Nawaandikia wadogo zangu wa Unguja na Pemba mliomaliza form siksi, mzazi au ndugu yuko California, makaratasi ya kuhamia yameshatoka na mtu anataka kusoma fizikia mpaka digrii. Mtaambiwa komyuniti koleji ni chuo cha waliofeli, msisikilize. Ni chuo cha miaka miwili, unasoma kosi za mwaka wa kwanza na wa pili alafu unahamia yunivasiti kuendelea na mwaka wa tatu. Kwa mkaazi wa California yuniti moja (kipimo wanachopimia uzito wa kosi) ni dola 46, na za kuhamia ni 60, yani ada ya miaka miwili haifiki dola 3,000 na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa hata hiyo. Kwa sisi tunaokimbia mkopo wa riba hili jambo kubwa mno. Lakini ili uhesabiwe mkaazi kwenye ada lazima uwe umeishi kule zaidi ya mwaka, ukikimbilia kujisajili wiki uliyoshuka ndege utatozwa bei ya mgeni ambayo ni mara kadhaa ya hiyo.

Sasa hapa ndo pa kukaza mana ndo wengi wanapopoteza mwaka mzima: hesabu. Fizikia ya kule imefungwa na kalkulasi (yani diferensiesheni na integresheni), huingii kosi ya mekanika mpaka uwe na kalkulasi ya kwanza, na umeme na sumaku mpaka uwe na mekanika pamoja na kalkulasi ya pili, na kila kosi ni semesta nzima. Kwaiyo semesta ya kwanza kalkulasi 1, ya pili kalkulasi 2 na mekanika, ya tatu kalkulasi 3 na umeme, ya nne hesabu za diferensho na linia aljebra pamoja na mawimbi, joto na fizikia ya kisasa. Imejaa, hakuna nafasi ya kuteleza. Ukikubali kuwekwa kwenye aljebra semesta ya kwanza, ile fizikia ya mwisho inakosa pa kukaa na miaka miwili inakuwa mitatu. Wewe umesoma advansi matematiksi, diferensiesheni na integresheni unazijua, basi nenda na vyeti vyako vya NECTA vya form foo na form siksi, kaa mbele ya kaunsela (mshauri wa masomo wa koleji) umwambie hivyo hivyo kwa adabu ila usiondoke mpaka akuelewe.

Jengine, vyuo hivi vina fizikia za aina mbili, moja ya aljebra kwa wanaokwenda udaktari na fani kama hizo, nyengine ya kalkulasi kwa mainjinia na wanafizikia, na ile ya kwanza haitokuhesabia kitu kwenye digrii ya fizikia hata ukipata A. Tofauti yake ione kwenye tone la mvua ya masika. Chukua ile fomula ya kasi v² = u² + 2as tuliyoikariri skuli, liangushe tone kutoka kilomita moja juu, jibu linakuja karibu mita 140 kwa sekunde, mvua hiyo ingetoboa mabati ya mji mzima! Kweli ni kwamba tone kubwa linatua kwa kama mita 9 tu kwa sekunde, mana kila likizidi kasi hewa inazidi kulizuia, mchapuko unapungua mpaka unafika sifuri, na ile fomula inataka mchapuko usiobadilika. Ukitaka kuijua kasi kila wakati lazima uandike hesabu ya diferensho na uifanyie integresheni. Hiyo ndo fizikia utakayokutana nayo yunivasiti, bora uizoee mapema.

Kabla hujachagua kosi hata moja ingia kwenye websaiti ya ASSIST, unaandika jina la koleji yako na yunivasiti unayoitaka, unachagua fizikia, inakuonesha kosi ipi inakubalika badala ya ipi. Hii unaweza kuifanya leo umekaa barazani kwenu Wete. Ukitaka kumpigia kaunsela, saa 3 asubuhi yao kwetu ni saa 1 au saa 2 ya usiku kutegemea msimu, yani ukishasali Magharibi au Isha. Kampasi sita za Yunivasiti ya California zina mpango unaitwa TAG, ukitimiza masharti nafasi yako ni ya uhakika, Davis na Santa Barbara zimo, Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. TAG unaijaza kampasi moja tu, mwezi wa Septemba, na maombi yenyewe yanapokelewa Oktoba na Novemba, karibu mwaka kabla ya kuhamia. Kwaiyo ukianza mwaka wa pili uwe umeshaamua.

Darasani kwenyewe utapapenda, watu wachache na profesa ndo anaesimamia maabara mwenyewe. Nenda ofisini kwake na maswali kila wiki, mana barua ya kukuombea nafasi ya utafiti itatoka kwake. Na jifunze Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) huko huko, yunivasiti wanachukulia unaijua.

Silabasi ya kila kosi ihifadhi kwenye imeili siku ile ile unayopewa. Ukija kuamua kuhamia yunivasiti ya jimbo jengine ASSIST haikusaidii mana ni ya California tu, watataka kuona ulisoma nini wiki kwa wiki.