Somo: Nilipe deni kwanza au niweke akiba kwanza?

Habari zenu ndugu zangu. Wiki hii peke yake nimeulizwa swali hili mara nne. Wawili kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mmoja kanikuta soko la mitumba la Memorial nikitundika magauni, wa nne kanipigia saa nne usiku: "Dada, nina laki tatu mkononi na madeni ya laki saba. Nilipe au niweke?" Mimi ni mweka hazina wa kikoba hapa Moshi mwaka wa sita sasa, na jibu langu ni lile lile, kwa hiyo naliandika lote mara moja. Soma hadi mwisho kabla hujauliza.

Hatua ya 1. Andika madeni yote kwenye daftari, hata la dukani kwa Mangi.

Hatua ya 2. Pembeni ya kila deni andika limebaki kiasi gani, linalipwa lini, na linakula shilingi ngapi kwa mwezi. Usifuate tangazo, fuata pesa iliyoingia mkononi. Programu ya mikopo ya simu ikisema imekukopesha 100,000, simu ikapokea 80,000, na siku ya 14 wanadai 100,000 kamili, umelipa 20,000 kwa kutumia 80,000 wiki mbili. Hiyo ni asilimia 25. Sasa chukua akiba inayokupa asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi: 80,000 ile ile inazaa 800 mwezi mzima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema weka akiba tu, madeni yatalipika taratibu.

Hatua ya 3. Kuanzia leo hukopi tena. Hata ule mkopo wa simu wa kukamilishia muamala.

Hatua ya 4. Tenga akiba ndogo ya dharura KABLA hujaanza kupunguza madeni. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mwaka 2021 nilikuwa na akiba ya 420,000, na nadaiwa 400,000 na mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu. Nikalipa zote siku moja, nikabaki na elfu ishirini, nikarudi nyumbani kifua kimefunguka. Siku ya tisa mwanangu akabanwa na kifua usiku, bima hana, hospitali wanataka pesa. Asubuhi nilikuwa kwenye benchi la mkopeshaji yule yule. Fomu yangu ya zamani bado ilikuwa mezani, ina muhuri wa IMELIPWA. Akavuta fomu mpya, akanakili namba yangu ya simu kutoka kwenye ile ya zamani. Akanipa 200,000, nirejeshe 65,000 kila wiki kwa wiki nne. Jumla 260,000. Wiki ya tatu nikashindwa, nikakopa tena ili nilipe, na nilitoka kwenye mzunguko huo baada ya miezi mitano. Kama siku ile ningelipa 270,000 na kubakiza 150,000, nisingerudi kwenye lile benchi.

Kiasi chenyewe: chakula cha wiki mbili, nauli, na pesa ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Kwangu ni 150,000. Wewe piga hesabu ya nyumba yako.

ONYO: usiiweke kwenye laini yenye deni la simu. Pesa ikiingia tu, mfumo unakata chake. Nimewahi kutumiwa 50,000 ya rambirambi, nikakuta salio 11,000. Tumia laini nyingine isiyo na deni, au akaunti ya benki.

ONYO la pili: kipaimara cha mtoto wa shemeji si dharura, wala nauli ya kupanda nyumbani Desemba. Tarehe zake unazijua tangu Januari, zitengee fungu lake. Dharura ni ugonjwa, msiba, na kazi kusimama ghafla.

Hatua ya 5. Kila deni lipate rejesho lake la kawaida, na chochote kinachozidi kiende kwenye deni moja: lile linaloongezeka kila siku. Tofautisha haya mawili. Kuna deni ambalo riba ilishapigwa yote mwanzoni. Ukiwahi kulimaliza unaweza usipunguziwe hata shilingi. Muulize mkopeshaji, "Nikimaliza leo nalipa ngapi?" Akitaja jumla ile ile, nenda naye kwa tarehe zake na uelekeze nguvu kwenye deni lenye faini za kila siku.

Hatua ya 6. Kikoba usikiache. Shuka hadi hisa moja, yaani fungu moja la akiba, kwa kikao, madeni yakipungua utapanda.

Hatua ya 7. Deni la mwisho likiisha, endelea kutoa kiasi kile kile, sasa kinaingia kwako. Usisimame mpaka ufikishe matumizi ya miezi mitatu.

MASWALI

Mwanachama, Majengo: Kwa hiyo nilipe deni au niweke akiba?

Jibu: Hatua ya 4, kisha ya 5.

Mwanachama, Sakina: Dada, kwa nini nisianze na deni dogo, nipate moyo?

Jibu: Swali zuri. Kwa hesabu tupu unapoteza kidogo, lakini nimeona kwenye kikoba watu wakipata nguvu wakifuta jina moja daftarini. Kama dogo linaisha ndani ya mwezi, lifute, kisha uhamie kwenye linalokula zaidi. Likihitaji miezi minne, hapana.

Mwanachama, Pasua: Nimeona programu inatoa mkopo haraka, nikope huko nilipe huku?

Jibu: Hatua ya 3. Na kabla hujabonyeza chochote, angalia kama wana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila kibali.

Mwanachama, Pasua: Sasa mbona unajibu kwa ukali, mimi nimeuliza tu.

Jibu: Sina ugomvi nawe, mdogo wangu. Nimeona mwenzetu akipigiwa simu za matusi, na baba mkwe wake pia akapigiwa, kwa sababu programu ilichukua namba zote kwenye simu yake. Sitaki yakukute.

Mwanachama, Njiro: Mimi ni mwongoza watalii, nina kadi ya mkopo ya benki. Nalipa kile kiwango cha chini kila mwezi na deni halishuki. Halafu masika inakuja, safari hakuna.

Jibu: Asante kaka, kueleza hivi kunasaidia. Kiwango cha chini sehemu kubwa kinakwenda kwenye riba, deni lenyewe linaguswa kidogo. Kadi nyingi hazitozi riba kwenye manunuzi ukilipa deni lote kabla ya tarehe, ila ukitoa pesa taslimu kwenye ATM riba huanza siku hiyo hiyo, kwa hiyo hilo liache kabisa. Kuhusu masika, kwa kazi yako akiba ya wiki mbili haitoshi. Aprili na Mei kipato kinakauka, hivyo Januari na Februari jaza chakula na kodi ya miezi hiyo miwili kwanza, huku kadi ukilipa zaidi kidogo ya kiwango cha chini. Kuanzia Julai geuza, karibu yote iende kwenye kadi. Wagumu wa mlimani, yaani wapagazi, nao nawashauri hivyo hivyo.

Mwanachama, Njiro: Na bahashishi za wageni?

Jibu: Nusu iende kwenye deni siku hiyo hiyo, kabla hujafika nyumbani.

Mwanachama, Soweto: Mimi ni mwalimu mstaafu. Mkopeshaji ameshika kadi yangu ya benki na namba ya siri. Nikimaliza mwezi ujao ataniachia?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Hana haki ya kushika kadi yako, na huna haja ya kungoja mwezi ujao. Nenda benki na kitambulisho, waombe waifunge hiyo kadi wakupe mpya yenye namba mpya ya siri. Deni liendelee kulipwa kwa tarehe zake, kila rejesho udai risiti, na siku ya mwisho udai barua ya kumaliza deni. Uende na mtu wa kushuhudia. Kama ni Jumatano nafunga kibanda saa saba, naweza kukusindikiza.